Hakimiliki Ianzie Ndani ya Studio

Hotuba kwa maprodyuza, wapiga video na viongozi wa kwaya wa Nyanda za Juu Kusini, jijini Mbeya

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa kwaya mlioketi mbele, maprodyuza, wapiga video, wasanifu wa mabango, na ninyi vijana wa vyuo mliosimama mlangoni kwa kukosa viti: asanteni kwa kuja. Wenyeji wa Rungwe na Kyela, mugonile. Mliopanda basi alfajiri kutoka Iringa, Mafinga na Njombe, kamwene.

Nimeombwa nizungumzie kompyuta, na nitaizungumzia. Ila nianze na malalamiko yetu. Wimbo ukitoka Ijumaa, Jumatatu umeshaingizwa kwenye flashi zinazouzwa stendi, unapigwa kwenye spika za maduka Mwanjelwa na kwenye mabasi ya Tunduma, na aliyeutunga hajapata hata nauli ya kurudi nyumbani. Tumelisema hilo redioni, tumelisema mbele ya viongozi, wengine wamefunga safari hadi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi. Tuna haki ya kulisema. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi, na anayenakili kazi yake na kuiuza bila ruhusa amevunja sheria.

Sheria hiyohiyo inalinda programu za kompyuta. Imeziweka fungu moja na vitabu na maandishi mengine. Sasa naomba kila mmoja apite kimoyomoyo ndani ya studio yake, aitazame programu anayorekodia, anayokatia video, anayotengenezea bango. Zilizonunuliwa ni ngapi? Na zilizokuja kwenye flashi ya rafiki, pamoja na kijifaili cha krak, yaani cha kuvunja kufuli la programu ya kulipia, na maelekezo kwamba kabla ya kukifungua uzime kwanza kinga ya virusi, ni ngapi?

Sisemi haya kumdhalilisha mtu. Bei nazijua. Programu kubwa za picha na video siku hizi zinalipiwa kila mwezi, kwa dola, kwa kadi ya benki. Kijana anayerekodi kwaya za mtaani kule Ilomba, akijumlisha ya sauti, ya video na ya picha, mwaka unaisha amelipa fedha ambayo ingemnunulia maiki nzuri na stendi zake. Hawezi. Kwa hiyo anachukua krak, na krak inakuja na gharama zake: kompyuta inayozidi kuwa nzito, plagini, zile programu ndogo za kuongezea, zinazokufa katikati ya kazi, na siku mbaya kuliko zote, unawasha mashine asubuhi unakuta kila faili la harusi ya mteja limefungwa na kuna ujumbe unadai fedha ili lifunguliwe.

Mimi nimesimama hapa kusema kwamba kazi ya kuuzwa, yenye ubora wa kurushwa redioni na kwenye televisheni, inaweza kutengenezwa Mbeya kwa programu halali ambazo hazikudai senti, juu ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows. Na sisi tunaodai hakimiliki kwa sauti kubwa ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kufanya hivyo.

Linux ilianza mwaka 1991, pale Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Finland, alipoandika kerneli yake, ule moyo wa mfumo unaoongea na vifaa vya mashine. Akaiweka chini ya leseni ya GPL, iliyotoka kwenye kazi ambayo Richard Stallman aliianza Marekani mwaka 1983. Leseni hiyo inakuruhusu kuitumia programu kwa kazi yoyote, kuifungua uone ilivyoandikwa, kuibadilisha, na kumgawia mwenzako; programu ya namna hiyo ndiyo tunaiita huria. Simu za Android mlizonazo mifukoni zinaendeshwa na kerneli hiyo, kwa hiyo hakuna mtu humu ndani ambaye Linux ni mgeni kwake.

Wapo wanaodhani huu ni mfumo wa mafundi wa seva tu, hauna la kumfaa msanii. Picha za kompyuta za meli katika filamu ya Titanic ya mwaka 1997 zilikokotolewa katika kampuni ya Digital Domain kwenye mashine ambazo zaidi ya 100 kati yake ziliendeshwa na Linux. Tangu wakati huo kampuni kubwa za filamu za Marekani na New Zealand zimeufanya mfumo huu kuwa wa kazi za kila siku. Na mwaka 2025 tuzo ya Oscar ya filamu bora ya katuni ilikwenda Latvia, nchi ndogo yenye watu wasiofika milioni 2, kwa filamu iliyotengenezwa kwa Blender, programu huria ya katuni na picha za 3D.

Hiyo Blender ina historia ambayo sisi tuliozoea kuchangishana tunaielewa haraka. Ilikuwa programu ya kampuni moja ya Uholanzi, kampuni ikafilisika. Mwaka 2002 aliyeianzisha, Ton Roosendaal, akakubaliana na wawekezaji kwamba wakilipwa euro 100,000 wataiachia iwe programu huria. Watumiaji wakachanga kwenye intaneti, wiki saba zikatosha. Tangu hapo mtu yeyote, wa Los Angeles au wa Makambako, anaitumia ileile, nzima, bila toleo la matajiri na toleo la maskini.

Kabla sijaingia studio, nijibu swali ambalo wanamuziki huniuliza kila mara, na ni swali la haki kabisa: nikitengeneza wimbo kwa programu huria, je, wimbo nao unakuwa huria, kila mtu achukue? Hapana. Leseni inahusu programu. Aliyekuazima jembe hana dai kwenye mahindi yako. Wimbo ni wako, unausajili, unauuza, unamshtaki atakayeuiba. Mnapotakiwa kuwa makini ni kwenye sauti mnazopakua. Kwenye Freesound, ile hazina ya sauti iliyoanzishwa na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, kila sauti ina leseni yake: nyingine unatumia utakavyo, nyingine lazima umtaje aliyerekodi, nyingine hairuhusiwi kwenye kazi ya biashara. Ukichukua hiyo ya tatu ukaiweka kwenye tangazo la duka la vipodozi, umemfanyia mwenzako kilekile tunachofanyiwa sisi stendi.

Sasa tuingie studio, na nitakaa zaidi kwenye kurekodi sauti, kwa sababu mkoa huu ni mkoa wa kwaya.

Mwimbaji amevaa hedifoni. Anaimba, sauti inaingia kwenye maiki, inapita kwenye kadi ya sauti, inaingia kwenye kompyuta, inarudi masikioni mwake. Ikichelewa kurudi, anajisikia nyuma ya mdundo. Anajaribu kujirekebisha, na kabla ya ubeti kwisha ameshatoka nje ya wimbo. Maprodyuza wengi wakiona hivyo humlaumu mwimbaji. Mara nyingi mwimbaji hana kosa.

Kompyuta hukusanya kwanza sampuli za sauti, yaani vipimo vyake vidogovidogo, kwenye bafa, hifadhi ya muda mfupi; bafa ikijaa ndipo inazichakata. Ukirekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde na bafa yako ni ya sampuli 1,024, bafa moja inachukua milisekunde 21 hivi. Sauti inapita bafa ya kuingia na bafa ya kutoka, tayari umevuka milisekunde 40, na sikio la mwimbaji limeshahisi. Shusha bafa hadi sampuli 128: kuingia na kutoka kwa pamoja ni milisekunde 5 na kidogo. Hewani sauti hutumia takriban milisekunde 3 kwa kila mita moja, kwa hiyo mwimbaji wako sasa anajisikia kama vile amesimama hatua mbili kutoka kwenye spika. Ataimba vizuri.

Lakini bafa ndogo ina masharti. Kompyuta lazima iwahi kila mara, bila kukosa hata mara moja. Ikiwa wakati huohuo imeamua kupakua masasisho au kukagua virusi, inachelewa, na kwenye rekodi unasikia mlio mkavu, tak, katikati ya sauti ya soprano. Hapa ndipo Linux inapostahili heshima. Unaweza kuiamuru kerneli itangulize sauti kuliko kazi nyingine yoyote, na masasisho yanayojianzisha yenyewe unaweza kuyazima. Wataalamu waliofanya kazi ya kuifanya kerneli iitikie kwa wakati uliopangwa waliifanya kwa takriban miaka 20 pembeni ya kerneli rasmi, hadi mwaka 2024 ilipokubaliwa ndani, toleo la 6.12. Miaka 20 ya watu kubishana kuhusu milisekunde! Mimi nawapenda watu wa namna hiyo.

Kwa upande wa vitendo, mambo matatu ndiyo yanayoharibu siku ya kwanza ya wengi. La kwanza, jina lako la mtumiaji liwe kwenye kundi linaloitwa "audio". Bila hivyo mfumo haukupi ruhusa ya kutangulizwa. La pili, kadi ya sauti. Nunua ile inayofuata kanuni ya kawaida ya sauti kwenye USB, isiyohitaji draiva ya mtengenezaji. Scarlett za Focusrite na UMC za Behringer, ambazo mnaziona madukani, zinachomekwa na kufanya kazi. Kadi inayodai sidii yake ya draiva, achana nayo hata ikiwa bei yake inavutia. La tatu, usirekodi kwa kadi iliyomo ndani ya kompyuta mpakato ukategemea miujiza. Mfumo wowote ule hautaiokoa sauti iliyoingia ikiwa na kelele.

Ndani ya mfumo kuna kitu kinaitwa JACK, kilichoandikwa na Paul Davis, yuleyule aliyeanzisha Ardour, programu ya kurekodi na kuchanganya traki. JACK inakuwezesha kuitoa sauti kwenye programu yoyote na kuiingiza kwenye programu nyingine yoyote. Ngoma unazipanga kwenye Hydrogen, gitaa linapita Guitarix, kinanda kinapiga sauti za ZynAddSubFX, na vyote vinaingia kwenye Ardour kila kimoja na traki yake. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na PipeWire, iliyoandikwa na Wim Taymans, ambayo imeunganisha sauti za studio na sauti za kawaida za kompyuta, hivyo huhitaji tena kuzima kimoja ili kiwashwe kingine. Fungua programu ndogo ya qpwgraph uone nyaya zote kwenye skrini, unazichomoa na kuzichomeka kwa kipanya. Waliowahi kufungua kanisa usiku wakakaa chini kuhangaika na nyaya za mikseri watafurahi.

Nizungumze na wazee wa kwaya moja kwa moja. Baba zangu, mama zangu, kwaya yenye sauti nne, ngoma, kinanda, gitaa la solo na la besi haipaswi kurekodiwa kwa maiki moja iliyoning'inizwa katikati. Rekodini traki nane kwa wakati mmoja. Wimbo wa dakika 5, kwa sampuli 48,000 na biti 24, ni megabaiti 345 hivi kwa traki zote nane. Flashi ya kawaida inabeba albamu nzima. Na mkishamaliza, mdaini prodyuza awape folda nzima ya mradi, msikubali kuondoka na wimbo uliokwisha changanywa peke yake. Ardour huweka sauti kama faili za WAV za kawaida, na maelekezo ya mpangilio kwenye faili la maandishi ambalo hata kihariri cha kawaida kinalifungua. Kazi yenu haifungwi ndani ya programu ya mtu.

Ardour yenyewe ni huria. Ukiitaka iliyotayarishwa na watengenezaji wake unalipia kiasi, nami nawashauri mwenye uwezo alipe, maana ndiyo mishahara yao. Asiye nacho anaipata bure kwenye hazina za Debian na Ubuntu.

Vijana wa biti najua mnasubiri zamu yenu. Programu mliyoizoea haina toleo la Linux. Ipo LMMS, ina piano ya kuchora na mpangilio wa vipande ambao macho yenu yataufahamu haraka. Nawaambia kweli, katika kurekodi sauti ya mtu haifai, ni ya kujenga biti. Jengeni humo, mtoe traki, mzipeleke Ardour. Anayetaka kila kitu mahali pamoja, REAPER ina toleo la Linux, si huria, lakini leseni yake kwa biashara ndogo ni dola 60, na wanakuachia uijaribu kwanza siku 60. Dola 60 kwa chombo cha kazi cha miaka ni bei ya haki, nami sioni aibu kuipendekeza. Hoja yangu ni uhalali. Kulipia kitu si dhambi. Surge XT itakupa sinthi, sauti za vinanda vya kielektroniki, ambazo hutazimaliza, na plagini za LSP zinatosha kuanzia kubana sauti hadi masta.

Tuje kwenye video, ambako ndiko wengi wenu mnakolia. Send-off, harusi, kipaimara, video za kwaya. Mnapiga kwa simu au kamera ya 4K, mnarudi na kompyuta mpakato ya mtumba, Latitude au ThinkPad, mnaanza kukata na picha inagandaganda.

Kdenlive, programu huria ya kukata video, ina kitu kinaitwa proksi. Ukiiwasha, inatengeneza nakala ndogo, nyepesi, za kila kipande. Unakata kwa nakala hizo, na siku ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, inarudi yenyewe kwenye faili halisi. Mashine ya miaka mingi inakata 4K. Kurenda kutachukua muda, basi iacheni irende usiku, na kama umeme wa mtaa wenu unakatika mara kwa mara, rendeni vipandevipande mkaviunganisha asubuhi.

Jambo la pili ni la simu. Simu hupiga picha kwa kasi inayobadilikabadilika, sekunde hii fremu 30, sekunde ile 27, kutegemea mwanga. Ndiyo sababu hotuba ya baba wa bibi harusi inaanza midomo na sauti vikiwa pamoja, ikifika dakika ya kumi midomo iko mbele na sauti inafuata nyuma. Watu hukaa usiku mzima wakisogeza sauti kwa mkono. Badilisheni faili kwanza liwe la kasi isiyobadilika. Kdenlive inaligundua na kukuuliza kama ifanye hivyo, ukubali. Chini yake inafanya kazi FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000, na anayejifunza kuiandikia amri mwenyewe atabadilisha faili 200 za harusi nzima kwa mstari mmoja akiwa anakunywa chai.

Kurusha ibada au mazishi mubashara, OBS Studio. Hapo sina la kuongeza. Ndiyo inayotumiwa duniani kote na kwenye Linux inafanya kazi vizuri.

Kwenye picha na mabango nitapita haraka. GIMP, iliyoanzia Berkeley mwaka 1995 mikononi mwa wanafunzi wawili, ni ya kusafisha picha. Darktable ni ya picha ghafi za kamera. Inkscape ni ya nembo na mabango, Krita ya kuchora kwa mkono. Tahadhari moja ya kibiashara: wachapaji wengi hutaka rangi nne za wino, CMYK, na GIMP bado haijakamilika hapo. Malizieni kazi kwenye Scribus, programu ya kupanga kurasa za kuchapwa, mpeleke PDF, mkaombe nakala moja ya majaribio kabla ya mabango 50 kuchapwa.

Hapa niongeze jambo ninalolipenda sana. Kinyakyusa kina irabu saba, na wanaokiandika kwa utaratibu mpya hutumia ɨ na ʉ. Weka maandishi hayo kwenye video kwa fonti za mapambo zilizozagaa, herufi inageuka kuwa kisanduku kitupu. Fonti za Andika na Charis, zilizotengenezwa na SIL, shirika la masuala ya lugha, zinazo herufi zote hizo, ni huria, na kwenye Ubuntu unazipata kwenye hazina zake. Kwa hiyo hakuna tena kisingizio cha kuandika mashairi ya bibi zetu kwa herufi zilizokosewa chini ya video.

Sasa yale ambayo Linux haitawapa. Photoshop, Premiere na After Effects hazina toleo lake, na zile mbinu za kuziendesha kwa hila siwashauri kuzitegemea kwa kazi ya mteja. Faili la Photoshop la mteja, PSD, GIMP italifungua, lakini tabaka zenye madoido zinaweza kubadilika sura. Mwombeni atume na PDF. DaVinci Resolve, programu nyingine ya video, ipo kwenye Linux, ila toleo lake la bure linakataa video za muundo wa H.264, ambazo ndizo zinazotoka kwenye simu na kamera zetu nyingi, hivyo utalazimika kuzibadilisha zote kabla ya kuanza. Plagini zenye ulinzi wa kifaa cha USB zitawasumbua. Na mjini hapa mafundi wanaoifahamu Linux ni wachache, ukikwama Jumamosi jioni harusi ikiwa kesho, huna mtu wa kumpigia.

Kwa sababu hiyo siwaambii mwende nyumbani leo mkafute Windows. Anzeni na programu. Audacity ya kuhariri sauti, Ardour, Kdenlive, GIMP, Inkscape, Blender, OBS, zote zinafanya kazi kwenye Windows pia. Zitumieni hukohuko mlipozoea, kwa kazi zisizo na haraka, mpaka mikono izoee. Mkishazoea, kubadilisha mfumo ulio chini yake ni jambo la alasiri moja. Anayebadilisha vyote kwa pamoja, katikati ya msimu wa harusi wa Desemba, atajichosha bure na atasema Linux ni mbaya.

Ila msikae mno. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya usalama ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na nyingi ya kompyuta za mtumba tunazonunua hazikidhi masharti ya Windows 11. Mashine hizo si takataka. Zina prosesa nzuri, zina RAM, zinahitaji mfumo mwingine tu.

Kwa studio nashauri Ubuntu Studio, iliyopo tangu mwaka 2007. Unaipata ikiwa na programu karibu zote nilizotaja, na mipangilio ya sauti imeshafanywa. Kwa mashine nyonge zaidi ipo AV Linux. Zote zinawaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kugusa diski yako, kwa hiyo unaweza kuchomeka kadi yako ya sauti, kinanda chako na printa yako, ukaona kama vinakubali kabla hujaamua chochote. Faili lake ni gigabaiti kadhaa, na bando lina bei. Apakue mmoja, awape wengine. Hapa kunakili kwenye flashi ya jirani ni halali kabisa; waliotengeneza wenyewe wameruhusu kwa maandishi.

Kuna sababu moja zaidi, nayo inanigusa kuliko suala la bei. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika na mashine yake ya kurekodi, akawarekodi Wahehe wakipiga ligombo, ala yao ya nyuzi, na kazi yake imehifadhiwa Afrika Kusini, katika ILAM, maktaba ya muziki wa Afrika. Leo mtu wa Kalenga anaweza kumsikia mpigaji wa zaidi ya miaka 70 iliyopita. Sasa jiulizeni kuhusu rekodi zetu za miaka kumi tu iliyopita. Ngapi zimo ndani ya faili za mradi ambazo programu yake ilikuwa ya krak, ikafa na kompyuta ileile, na toleo jipya halizifungui, au linazifungua nusu? Wazee waliopiga ngoma hizo wengine hawapo. Traki zao zipo kwenye diski, na hatuwezi kuzifikia.

Mkirekodi mzee wa Busokelo au wa Ismani, hifadhini kwa WAV au FLAC. Hizo ni fomati zilizo wazi, zimeelezwa hadharani, na mtu atakayezihitaji miaka 50 ijayo atajua jinsi ya kuzisoma hata kama kila kampuni ya leo imefungwa. Andikeni jina la aliyepiga, kijiji, tarehe na lugha ndani ya faili lenyewe na kwenye karatasi. Nakala moja ikae kwenu, nyingine kwa familia yake, nyingine kwenye jengo tofauti. Vyuo vyetu vya hapa, MUST, yaani Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na vile vya Iringa, vina vijana wa kompyuta wanaotafuta miradi ya mwaka wa mwisho. Waleteni kwenye studio zenu. Wao wanaijua kerneli, ninyi mnaijua sauti, na sasa hivi hamjuani.

Nimeleta flashi zenye Ubuntu Studio na AV Linux, ziko kwenye ile meza ya kushoto. Mwenye flashi ya gigabaiti 16 au zaidi anakiliwe yake. Kilichomo ndani kitafutika, kwa hiyo toeni kwanza picha zenu. Waliokuja na kadi za sauti tutazijaribu moja moja baada ya chakula, tuandike ubaoni ipi imekubali na ipi imegoma, ili kesho mtu wa Mbozi asinunue kadi kwa kubahatisha. Na viongozi wa kwaya ambao miradi yenu ya zamani haifunguki, njooni na diski hizo. Tutaanza kutoa traki leo hiihii, kabla hamjapanda mabasi. Maswali nayapokea sasa.